Flashi ya bei nafuu kwa kamera yako: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuanza nayo kazi

Kijana mmoja alinijia hapa Tanga siku mbili kabla ya sendofu aliyokuwa amelipwa kuipiga. Mkononi alikuwa na kamera yake ndogo ya kuanzia na flashi mpya, bado ina nailoni kwenye kioo. Flashi ukiibonyeza kitufe cha majaribio inawaka vizuri. Ukiiweka juu ya kamera, kimya. Betri alikuwa ameshazibadilisha mara mbili, na dukani walimwambia kamera ndiyo mbovu.

Niliitoa flashi, nikapitisha ncha ya kidole pale inapochomekwa, sehemu ambayo mafundi huiita hotishuu. Kwenye kamera nyingi kidole hukutana na duara kubwa la chuma katikati, na pembeni yake vinukta vidogo vya chuma. Ya kwake ilikuwa na vinukta vidogo tu. Katikati palikuwa na plastiki tupu. Flashi aliyouziwa ilikuwa ya pini moja, na hiyo pini hukutana na kamera palepale katikati. Kamera nzima na flashi nzima, lakini haziwezi kuzungumza.

Alilazimika kuazima flashi nyingine kwa ajili ya kazi ile, na aliyonunua ikabaki kabatini mpaka alipopata triga (kifaa kidogo cha kukaa juu ya kamera na kuiwasha flashi kwa redio) inayoendana na kamera yake. Naandika mwongozo huu ili mwingine asipitie hapo. Flashi za kampuni zisizotengeneza kamera ni nzuri kweli, nimezifanyia kazi za harusi miaka mingi, ila ukizinunua kwa kufuata bei pekee utazinunua mara mbili.

Tofauti ya bei yenyewe ni kubwa. Flashi ya Canon EL-1 ilipotangazwa mwaka 2020 ilipangiwa bei ya takriban dola 1,100 za Marekani. Godox TT600 huuzwa kwa takriban dola 65, TT685 II takriban dola 130, na V860III yenye betri ya lithiamu takriban dola 230. Ukiongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, bei ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, itapanda, lakini pengo linabaki palepale. Godox na Yongnuo zote ni kampuni za Shenzhen, China, na ndizo utakazokutana nazo zaidi madukani kwetu. Neewer nayo ipo, na baadhi ya flashi zake ni zilezile za viwanda vingine zikiwa na jina lake.

Anza na kamera, siyo flashi

Kabla hujauliza bei, ichukue kamera yako uiangalie pale juu kwenye mwanga mzuri.

Ukiona duara kubwa la chuma katikati, flashi yoyote ya kisasa ya pini moja itawaka juu ya kamera hiyo. Haijalishi ni Canon, Nikon, Fujifilm au Panasonic. Kamera inapofungua shata (mlango wa kuingizia mwanga) hutoa ishara moja tu, "waka", na flashi inaitii.

Usipoliona, simama hapo. Canon waliiondoa pini ya katikati kwenye baadhi ya kamera zao za bei ya chini, zikiwemo EOS 250D, 4000D na 2000D. Kwa kamera hizo flashi ya mkono ya pini moja, yaani ile unayoipangia nguvu mwenyewe, haitawaka juu ya kamera. Utahitaji flashi au triga inayozungumza lugha ya Canon kupitia vile vinukta vidogo, na hakikisha toleo lake linaikubali kamera yako hasa, maana baadhi zilianza kukubali baada ya kusasishwa programu yake ya ndani. Hapa pasipo jaribio hakuna malipo. Canon EOS R50 nayo ina hotishuu ya aina mpya, na ukitaka kuiwekea flashi ya kawaida unahitaji adapta ya Canon iitwayo AD-E1.

Wenye Sony wana lao. Tangu mwaka 2012 kamera za Sony zimekuwa zikitumia hotishuu yenye safu ya vipini vyembamba sana upande wa mbele, kwa ndani kabisa. Flashi iliyotengenezwa kwa Sony ina mguu unaoingia humo, na mguu huo ukipinda kidogo tu mawasiliano yanakatika. Ndiyo sababu Godox wana TT600 ya kawaida na TT600S ya Sony. Ukiwa na Sony, nunua yenye S.

Herufi hizo zikariri, maana maboksi yanafanana rangi na ukubwa: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm, O ni Olympus na Panasonic. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa N ukiwa na Canon. Flashi itawaka, kwa sababu pini ya katikati ni moja, lakini mambo yote ya kujipima mwanga hayatafanya kazi na utadhani umeuziwa mbovu.

Mkono au TTL

Flashi za mkono unazipangia nguvu mwenyewe: nguvu kamili huandikwa 1/1, kisha 1/2, 1/4, mpaka 1/128. Kila ukishuka ngazi moja mwanga unapungua nusu, na wapiga picha huita hiyo stopu moja. Flashi za TTL hujipima: kamera inaagiza mwako mdogo kabla ya picha, inapima mwanga uliorudi kupitia lenzi, kisha inaamua nguvu. Yote hutokea kwa muda mfupi kiasi kwamba mtu aliye mbele yako anaona mwako mmoja.

Wengi hudhani TTL ni ya wataalamu na ya mkono ni ya wanafunzi. Mimi naigawa kwa namna ya kazi. Kama umbali kati ya flashi na mtu haubadilikibadiliki, yaani picha za studio, pasipoti, bidhaa za kuuza mtandaoni, picha za familia sebuleni, flashi ya mkono inatosha na mara nyingi ni bora. Ukishaipanga, picha ya kwanza na ya hamsini zinatoka na mwanga uleule, na kazi ya kuzisafisha kwenye kompyuta inakuwa nyepesi. Kama unakimbizana na watu, bibi harusi anaingia ukumbini, mara yuko mita sita, mara mita mbili, mara amegeuka kumtunza mama yake, TTL itakuokoa.

Lakini TTL ina udhaifu ambao kwenye shughuli zetu unaonekana kila wiki. Kamera inaamini kuwa kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Mpe wanaume kumi waliovaa kanzu nyeupe nje ya msikiti siku ya nikahi: kamera itaona weupe mwingi, itadhani mwanga umezidi, itapunguza nguvu ya flashi. Kanzu zitakuwa za kijivu na nyuso zitazama gizani. Shela ya bibi harusi hufanya vilevile. Dawa yake ni kuongeza fidia ya flashi, ile alama ya kujumlisha na kutoa, kwa +2/3 au +1. Kinyume chake, suti nyeusi mbele ya pazia jeusi zitaifanya flashi imwage mwanga mwingi mno na paji la uso ling'ae, hapo unapunguza. Usinunue flashi ya TTL kwa kudhani itafikiri badala yako. Inapima tu.

Kama fedha ni za flashi moja na hujui kazi zitakazokuja, na kamera yako ina pini ya katikati, ushauri wangu ni flashi ya mkono yenye redio ndani yake pamoja na triga. Sababu yake nitaieleza mbele kidogo.

Ile namba kubwa kwenye boksi

Kila boksi limeandikwa GN na namba: 33, 38, 58, 60. Hiyo ni namba ya nguvu. Ukiigawa kwa tundu la lenzi (ile namba ya f, kama f/4) unapata umbali ambao flashi itafika, kwa mita, ukiwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga). GN 60 kwa f/4 ni mita 15. Inavutia.

Tatizo ni kwamba viwanda hupima huku kichwa cha flashi kimevutwa hadi mwisho, kwenye namba kubwa ya mm, mwanga ukiwa umebanwa kama tochi. Godox TT600 imeandikwa 60, lakini kwa kichwa kilichowekwa 200mm. Yongnuo YN560 IV imeandikwa 58, na hiyo ni kwa 105mm. Ukirudisha vichwa hivyo 35mm, mahali unapopiga picha ya kundi, namba zote mbili zinashuka sana. Kwa hiyo 60 kwa 200mm haina nguvu kuliko 58 kwa 105mm. Linganisha flashi mbili pale tu zilipopimwa kwa kichwa kilichowekwa sawa. Usipoona kipimo hicho kwenye boksi, kiko kwenye kijitabu cha ndani.

Tuseme flashi yako ina 36 kwa 35mm, nasi tuko ukumbini, dari nyeupe ya mita tatu, na tunataka kuupiga mwanga darini urudi chini kwa watu. Mwanga ukienda darini na kurudi umesafiri mita tano hivi. Kwa ISO 800 namba ya nguvu huzidishwa kwa 2.8, tunapata karibu 100. Gawa kwa mita 5, unapata f/20. Dari humeza mwanga. Hesabu imekula stopu mbili, tunabaki na f/10. Ukipiga kwa f/4, flashi haihitaji hata robo ya nguvu yake. Itakuwa kati ya 1/4 na 1/8, inajaza haraka, haipati joto, na betri zinafika mwisho wa sherehe.

Sasa ipeleke hesabu hiyohiyo kwenye ukumbi ambao dari limefunikwa vitambaa vya zambarau, urefu mita sita. Nguvu kamili haitatosha, na hicho kidogo kitakachorudi kitakuja na rangi ya zambarau kwenye nyuso za watu. Hapo hakuna flashi ya kuwekwa juu ya kamera, ya bei yoyote, itakayokusaidia kwa kupiga darini. Unaigeuza kwenye ukuta mweupe kama upo, au unaitoa kamerani na kuiweka kwenye stendi.

Flashi ndogo kama Godox TT520 au TT560 za Neewer zina namba 33 na 38 bila kichwa cha kuvutwa. Kwa chumbani na kwa kujifunza zinafaa. Kwa ukumbi zinachoka mapema.

Jua la saa saba mchana

Hapa ndipo watu hulipia kitu wasichokihitaji, au hukosa kitu wanachokihitaji.

Shata ya kamera ni mapazia mawili. Kwa kasi ya 1/200 pazia la kwanza linafunguka lote kabla la pili halijaanza kufunga, hivyo mwako mmoja unakuta kihisio chote (kile kinachonasa picha) kiko wazi. Ukipanda hadi 1/500, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza. Flashi ikiwaka, sehemu ya picha imeshafunikwa, na unapata utepe mweusi. Kamera nyingi zina mwisho wa 1/200 au 1/250.

Kipengele cha HSS hutatua hilo kwa kuifanya flashi itoe miako midogo mingi mfululizo mapazia yakiwa yanapita. Gharama yake ni nguvu: unapoteza stopu mbili au zaidi, na kadiri shata inavyopanda ndivyo unavyopoteza.

Unaihitaji lini? Maharusi wako ufukweni Pangani, jua kali, unataka nyuma yao bahari ififie kwa f/2.8. Jua la mchana kwa ISO 100 hudai takriban 1/200 na f/11. Kufika f/2.8 ni stopu nne, kwa hiyo shata inaenda 1/3200. Bila HSS utepe mweusi. Ukiwa na HSS, flashi ndogo itafika mita moja na kitu tu, lazima uisogeze karibu kabisa na nyuso zao. Mimi mara nyingi nabaki 1/200 na f/11, flashi kwenye stendi mita mbili kutoka kwa maharusi, bahari ikionekana vizuri nyuma yao. Watu wamesafiri kuja ufukweni, hawakatai bahari ionekane.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: kamera yenyewe lazima iikubali HSS. Nikon D3500 na D5600 haziikubali kabisa, hata uziwekee flashi ya dola elfu. Ukiwa na kamera hizo, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya kipengele hicho. Na TT600 hutoa HSS pale tu inapowashwa kwa mbali na triga yenye uwezo huo. Ikiwa juu ya kamera peke yake haitoi. Yongnuo YN560 IV haina HSS popote.

Nunua ukoo, usinunue kifaa

Hili ndilo ningependa ulichukue hata ukisahau mengine yote.

Flashi iliyoko juu ya kamera na kuelekezwa usoni moja kwa moja hutoa picha bapa: paji la uso linang'aa, kivuli kigumu ukutani nyuma ya shingo, macho kama ya mtu aliyeshtuliwa. Kwa ngozi nyeusi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu uzuri wa ngozi yetu kwenye picha unatokana na mng'ao unaoteleza kwenye shavu na mfupa wa bega, na mng'ao huo unahitaji mwanga unaotoka pembeni. Ukiitoa flashi kamerani, ukaiweka kwenye stendi kushoto kwako na mwavuli mweupe mbele yake, flashi ya dola 65 itakupa picha ambayo ya dola 1,100 juu ya kamera haiwezi.

Ili ufanye hivyo flashi na kamera zinahitaji kuwasiliana kwa redio. Na kila kampuni ina lugha yake. Godox wana mfumo wanaouita X, Yongnuo wana wao, na havielewani ingawa vyote viko kwenye masafa ya 2.4 GHz. Ukinunua flashi moja ya huku na nyingine ya kule kwa sababu tu ilikuwa na punguzo, utajikuta na triga mbili na kichwa kinauma.

Kwa hiyo ukichagua flashi ya kwanza umechagua na zitakazofuata. Uliza: flashi hii ina kipokezi cha redio ndani? Kuna triga yake mjini kwetu? Baadaye nikitaka taa kubwa ya studio, ukoo huu unayo? Kwa Godox jibu la yote ni ndiyo: triga ya X2T au XPro iliyoko kwenye kamera itaiwasha TT600 leo, V860III mwakani, na taa zao kubwa za betri siku ukipata kazi ya matangazo. Ukihama kutoka Nikon kwenda Sony unabadilisha triga peke yake, TT600 zako zinabaki. Kwa Yongnuo, YN560 IV inaweza kutuma na kupokea, kwa hiyo ukiwa nazo mbili huhitaji triga: moja inakaa kamerani, ya pili kwenye stendi.

Flashi nyingi za bei ya chini zina njia nyingine, jicho la S1 na S2, linaloona mwako wa flashi nyingine na kuwaka pamoja nayo. Chumbani inafanya kazi. Kwenye harusi yenye wapiga picha watatu, flashi yako itawaka kwa kila picha ya mwenzako mpaka betri ziishe. Nje juani mara nyingi haioni kitu. Usiitegemee kwa kazi ya kulipwa.

Betri ndizo zitakazokuaibisha

Kazi moja Morogoro nilienda na betri za alkali mpya kabisa, maboksi mawili. Zilianza vizuri. Saa moja ndani ya ukumbi flashi ikawa inachukua sekunde nane kujaza, ule mlio mwembamba wa kapasita (kihifadhi umeme cha flashi) unapanda polepole huku keki imeshakatwa na bibi harusi ameshamlisha mwenzake. Picha ya tukio hilo sina. Nilipozitoa betri zilikuwa za moto kiasi cha kutoshikika.

Alkali ina umeme mwingi lakini haiwezi kuutoa kwa mkupuo. Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 tu, pungufu ya 1.5 ya alkali, lakini zinautoa wote kwa haraka unapohitajika. Nunua zenye uwezo kati ya mAh 1,900 na 2,500, kampuni inayojulikana kama Panasonic Eneloop ukizipata, na ununue seti mbili za nne nne. Ukikuta betri ya AA ya NiMH imeandikwa mAh 4,000 na zaidi, iache hapohapo mezani, kwa sababu AA ya NiMH haifiki huko. Nunua na chaja inayochaji kila betri peke yake, na seti zako ziwekee alama ya rangi ili betri ya leo isichanganyike na ya mwaka juzi. Betri moja dhaifu inazivuta tatu.

Onyo ambalo halina mjadala: kuna betri za lithiamu za 14500 zenye umbo lilelile la AA. Kila moja ni volti 3.7. Ukiweka nne unaipa flashi karibu volti 15 badala ya 6, na utaiua. Soma ubavu wa betri kabla hujaiingiza.

Flashi zenye betri yake ya lithiamu, kama V860III na V1, zimeliondoa tatizo hilo: takriban miako 480 ya nguvu kamili kwa chaji moja, na kujaza ndani ya sekunde 1.5. Kwa anayepiga harusi kila Jumamosi, hiyo ndiyo sababu halisi ya kulipa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba betri ikifa huwezi kutuma mtu dukani akuletee nyingine saa nne usiku.

Ukinunua mtumba

Flashi iliyotumika si dhambi, ila ina mitihani yake. Angalia kioo cha mbele kwa ndani: rangi ya kahawia au alama ya kuungua inamaanisha imepigishwa nguvu kamili mfululizo. Fungua chumba cha betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye chuma ni betri iliyovuja, na kwa sisi wa pwani kutu hiyo haichelewi kuingia ndani. Itikise karibu na sikio, kitu kisigonge.

Na kama ni flashi ya zamani, ya enzi za filamu, usiiweke kamerani kabla hujaipima volti. Baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo zilikuwa na zaidi ya volti 200 kwenye pini, na kamera nyingi za kidijitali hazikuumbwa kwa hilo. Weka betri, iwashe, isubiri ijae. Chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye volti za DC ukianzia kipimo kikubwa, ncha nyekundu kwenye pini ya katikati chini ya mguu, ncha nyeusi kwenye chuma cha pembeni. Vidole vyako visiguse chuma. Chini ya volti 6 hakuna shaka kwa kamera yoyote. Ukiona makumi au mamia, mrudishie mwenyewe. Na flashi yoyote, mpya au ya zamani, usiifungue nyumbani kwa bisibisi: kapasita yake hubaki na takriban volti 300 hata betri zikiwa zimetolewa.

Mbele ya kaunta

Nenda na kamera yako, kadi yako na betri zako zilizojaa. Muuzaji asiyeruhusu majaribio, mshukuru na uhamie duka la pili.

Ichomeke flashi, kaza kufuli, itikise taratibu. Isicheze. Iweke nguvu kamili ubonyeze mara kumi, kila mara ukisubiri taa ya kujaa iwake. Kwa betri za NiMH zilizojaa TT600 huchukua chini ya sekunde tatu. Ikianza kunuka plastiki, acha.

Kisha ishushe hadi 1/16, kamera yote iwe kwenye mipangilio ya mkono, na upige ukuta uleule picha tano bila kusogea. Zitazame moja baada ya nyingine kwenye kioo cha kamera. Ziwe na mwanga sawa. Ikiwa ya tatu ni nyeusi kuliko wenzake, flashi hiyo itakufanyia hivyohivyo kwenye picha ya familia. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na sijaona mtu akilifanya bila kufundishwa.

Kama ni ya TTL, pima kwa mtu aliye mita mbili, halafu mita tano. Uso usibadilike sana. Kama ina HSS, panda 1/4000 uone kama kuna utepe mweusi. Mwisho redio: muombe msaidizi wa duka atoke nayo hadi mlango wa pili, mita kumi na tano hivi, wewe bonyeza mara ishirini. Hesabu. Ziwe ishirini.

Omba risiti yenye namba ya kifaa na muda wa dhamana, na uondoke na boksi lake.

Wiki ya kwanza nyumbani

Usiipeleke kazini kabla hujakaa nayo. Jioni, taa za sebuleni zikiwaka, muombe mtu wa nyumbani akae mita moja na nusu kutoka ukutani. Kamera: ISO 400, 1/160, f/4. Flashi 1/16, kichwa kikielekea juu na nyuma kidogo, juu ya bega lako la kushoto. Piga. Ikiwa giza nenda 1/8, ikizidi rudi 1/32. Sasa badilisha shata peke yake, kutoka 1/160 hadi 1/40: uso utabaki karibu vilevile, lakini chumba nyuma kitang'aa zaidi. Shata inatawala mwanga wa chumba, nguvu ya flashi inatawala uso. Rudia mpaka mkono wenyewe ujue bila kufikiri.

Usiku wa pili iweke flashi kwenye stendi, au juu ya kabati kama stendi huna, pembeni mwa mtu, na kitambaa cheupe cha shuka kikining'inia kati yao. Usikiache kitambaa kikigusa kioo cha flashi, joto lake linaunguza.

Ukimaliza toa betri. Hifadhi flashi kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, hasa kama unaishi pwani. Na hata usipokuwa na kazi, mara moja kwa mwezi iwekee betri, iache ijae, ibonyeze mara tano kwa nguvu kamili, maana kapasita iliyokaa muda mrefu bila umeme hudhoofika.